Kipimo cha Maisha

Wazee wetu husema kuwa wema hawana maisha. Katika utoto wangu niliudhani msemo huu kuwa ni faraja tupu. Leo naona kuwa ndani ya faraja hiyo mna hatari. Nakuomba, msomaji, tuupime pamoja.

Mwaka 2002, wakati wa Kombe la Dunia, watoto wa mtaa wetu tulikusanyika sebuleni kwa jirani mwenye televisheni. Wenzangu waliwatazama wafungaji wa magoli, lakini jicho langu lilivutwa na kiungo wa Kameruni, Marc-Vivien Foé, mtu mrefu na mtulivu, ambaye kazi yake haikushangiliwa sana. Alimnyang'anya mpinzani mpira, akampa mwenzake, akarudi mahali pake. Mpira haukukaa sana miguuni mwake, lakini ulipotoka kwake ulikwenda penye faida.

Tarehe 26 Juni, 2003, mjini Lyon, Kameruni ilicheza na Kolombia katika nusu fainali ya Kombe la Mabara. Katika dakika ya 72 Foé alianguka katikati ya uwanja, wala hapana aliyemgusa. Alifariki siku ile ile, naye alikuwa na umri wa miaka 28. Habari ilipofika mtaani, mtu mzima mmoja alitikisa kichwa, akautamka msemo ule. Sisi watoto tukaamini kuwa uhodari ni deni, na mauti hulidai mapema.

Baadaye uchunguzi ulionyesha kuwa alikuwa na maradhi ya moyo ya kurithi, yanenepeshayo misuli ya moyo kupita kiasi. Basi hayakuwa malipo ya wema wake. Yalikuwa maradhi, na maradhi ya namna hii mara nyingi huweza kuonekana moyo upimwapo. Hapo ndipo ilipo hatari ya msemo wetu: aaminiye kuwa wema hawana maisha hamtafutii mwema tabibu, bali humwandalia machozi.

Yamkini utanijibu kuwa ajali haina kinga. Ni kweli, hata waliopimwa hufa. Lakini kutoijua siku ya kufa hakutuondolei wajibu wa kuzilinda siku za kuishi. Katika Kombe la Dunia la mwaka 2006 uliwekwa utaratibu wa kuwapima wachezaji, pamoja na mioyo yao, kabla ya mashindano. Waliofanya hivyo hawakuishinda mauti. Walikataa tu kuisaidia.

Je, maisha mafupi ni maisha hafifu? Sidhani. Foé alitwaa Kombe la Afrika pamoja na wenzake mwaka 2000 na 2002, na klabu ya Manchester City iliiweka kando jezi yake namba 23 kwa heshima yake. Kama vile mpira, maisha hayapimwi kwa muda yaliokaa kwetu, bali kwa tulichowapa wenzetu kabla ya kuondokewa nayo.

Kwa hiyo, msomaji, ukiwa na kipawa, kitoe ungali nacho. Na mwenzako akisimama katikati ya mchezo, akashika kifua, usimwite mvivu. Mketishe kivulini, ukamwite mwalimu. Sifa zaweza kungoja, moyo haungoji.