Haki ya Panya Aliyezeeka



Huenda ukiiona anwani ya makala haya ukacheka, na mimi sikukatazi. Katika nyumba zetu za pwani panya hana lake ila mtego, paka na sumu. Hutoboa gunia la mchele, hutafuna kanzu ya Idi sandukuni, na vitabu vya mkono vya babu zetu vingapi vimeliwa naye juu ya dari! Akinaswa, hapana anayeuliza ana umri gani wala anapumua vipi. Lakini suala limeletwa, na suala aliloleta Muislamu kwa nia ya kutaka kujua halirudishwi kwa kicheko.

Limetoka kwa watu wetu wanaoishi Uingereza. Huko panya hufugwa kama sisi tunavyofuga njiwa. Si panya wa mferejini. Ni wa jinsi moja naye, lakini amezalishwa mikononi mwa watu tangu karne ya 19, hata akawa mpole, mwingine mweupe, mwingine wa madoadoa. Jirani yao alihama, akamwachia binti wa nyumba hiyo panya pamoja na tundu lake. Baba hakupenda, ila alinyamaza. Sasa panya huyo ana miaka miwili na nusu, na kwa jinsi yake huo ni uzee, maana wengi wao huishi miaka miwili au mitatu tu. Kifua kimemshika. Anapumua kwa sauti, mbavu zaingia na kutoka, amejikunyata mgongo umepinda. Binti anaamka usiku kumtazama, na mama anaamka kumtazama binti. Baba amesema: mtoeni nje kwenye baridi, yatosha, Mtume (S.A.W.) mwenyewe ameruhusu auawe. Mama anauliza iwapo hilo ni sawa.

Na tuanze kwa kumpa baba haki yake, kwani hoja anayo. Ni kweli kwamba katika Hadithi sahihi panya ametajwa pamoja na kunguru, mwewe, nge na mbwa mwenye kuuma, kuwa hao huuawa hata ndani ya eneo takatifu la Makka. Tena wako wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Imam Shafii waliosema kuwa wanyama hao hawafugwi. Kwa hiyo lau mtu angeniuliza kabla ya kwenda dukani kumnunua panya, ningemwambia akanunue ndege.

Lakini panya alipopewa jina lile la fuwaisiqa, yaani kifasiki kidogo, sababu yake imetajwa: huuvuta utambi wa taa akaiunguza nyumba na watu wake wamelala. Sisi tuliolelewa kwa taa ya mafuta hatuhitaji sherehe ya maneno hayo. Basi ruhusa imekuja kwa ajili ya madhara. Huyu aliyemo tunduni, asiyeweza hata kupanda kijiti chake, utambi gani atauvuta?

Tena, ndugu msomaji, tazama palipo na uzito wenyewe. Sote tumefundishwa tangu chuoni habari ya mwanamke aliyeingia Motoni kwa sababu ya paka. Hakuadhibiwa kwa kuwa hampendi paka, wala kwa kuwa alimnyima chakula tu. Paka wangapi wa mtaani hatuwapi chakula! Aliadhibiwa kwa kuwa alimfungia: hakumlisha, wala hakumwacha akajitafutia vidudu vya ardhini. (Na huenda katika hivyo vidudu alikuwamo panya.) Lile tundu ndilo lililoleta deni. Ukishamtia kiumbe ndani na ukafunga mlango, umemkata na riziki aliyokuwa akiiendea kwa miguu yake, nawe umejiweka kuwa njia ya riziki hiyo. Panya anayepita darini kwako hana madai juu yako. Uliyemfungia anayo.

Na ruhusa ya kuua si ruhusa ya kutesa. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa hata tunapochinja tufanye vizuri, kisu kinolewe, mnyama apumzishwe haraka. Kumweka panya mzee, mwenye kifua, aliyezaliwa ndani ya nyumba, nje usiku wa baridi ya Uingereza, ni kumwachia baridi ifanye kazi kidogo kidogo, na mwenye kumtoa amejifunika blanketi. Baba asiinasibishe kazi hiyo na Hadithi.

Yuko mwanachuoni mkubwa wa madhehebu yetu, Izzuddin bin Abdissalam, aliyefariki mwaka 660 Hijria, aliyezieleza haki za mnyama juu ya mwanadamu. Katika hizo akataja kumpa matumizi yanayomstahiki, hata akiwa amezeeka au ameugua kiasi cha kutokuwa na faida tena. Yeye alikuwa akiwazungumzia wanyama wa kazi na wa mifugo, nami nawaambia wazi kuwa kumwingiza panya humo ni kipimo changu. Lakini sikioni kinachomtoa, maadam amefungiwa kama wao.

Na msiseme kwamba kumtunza panya aliyezeeka ni mambo ya wazungu tu. Pale Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, shirika la APOPO limekuwa likiwafundisha panyabuku tangu mwaka 2000 kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini, na baadaye makohozi yenye kifua kikuu. Panyabuku ni jinsi nyingine, huishi hata miaka minane. Lakini kwa watu ni panya. Mmoja wao, jina lake Magawa, alizaliwa Tanzania mwaka 2013, akapelekwa Cambodia mwaka 2016, na katika kazi yake akafichua mabomu ya ardhini 71 na silaha nyingine 38 zisizolipuka. Ni miguu mingapi ya watoto iliyosalimika, anajua Mwenyezi Mungu. Mwezi wa Juni 2021 alistaafishwa kwa kuwa amezeeka na amekuwa mzito wa mwendo. Hakutupwa. Aliendelea kulishwa na kutunzwa hata akafa Januari 2022. Walimpa zile haki alizozitaja Izzuddin, na sidhani kama walikuwa wamemsoma.

Kuhusu unajisi nisirefushe. Panya aliye hai si najisi katika madhehebu yetu; walio najisi wangali hai ni mbwa na nguruwe. Mkojo wake na choo chake ni najisi, basi binti awe na nguo mbali ya kumshikia, aikoshe mikono, na tundu lisikae chumba cha kusalia.

Tuje kwenye ugonjwa, maana huruma bila ya ujuzi haimfai mgonjwa. Panya wa kufugwa karibu wote hubeba vijidudu viitwavyo maikoplasma, wanavyovipata kwa mama zao wangali wachanga. Ujanani hukaa kimya, uzeeni huamka. Huanza kwa chafya, kisha sauti kifuani, kisha mbavu kama nilivyoeleza. Huenda akatoka ute mwekundu puani na machoni, na binti akadhani ni damu. Si damu, ni rangi itokayo katika tezi nyuma ya jicho, huzidi panya anapotaabika. Daktari wa wanyama humpa dawa za kuua vijidudu, kwa kipimo cha uzito wake, kwa hiyo msimkatie vidonge vya watu. Dawa hutuliza, haziing'oi maradhi. Lakini mengi yamo mikononi mwa wenye nyumba, wala hayana gharama. Mkojo ukikaa tunduni hutoa amonia, na amonia huyaunguza mapafu, basi tundu lisafishwe mara kwa mara. Maranda ya msonobari na mwerezi yaondolewe, iwekwe karatasi au kitambaa. Chakula kilainishwe. Asiwekewe ngazi, kwani miguu ya nyuma hulegea uzeeni. Mvuke wa maji ya moto katika chumba cha kuogea, mbali naye asiungue, humpa nafuu.

Na fedha? Hapa nina neno na pande zote mbili. Mtu akimlipia panya matibabu, na huku mama yake Mombasa ana pumu na hajapata dawa, huyo amegeuza mambo kichwa chini. Lakini nimewaona pia wale ambao mama zao huwakumbuka siku wanapoombwa kumtendea jambo mwingine tu, akiombwa kidogo kwa ajili ya mnyama husema, "Na mama yangu je?", na mwaka mzima hajampelekea mama hata salamu. Fedha ya dawa ya panya ni kidogo. Aitoe aliye nayo, kwa kadiri.

Lililobaki ndilo gumu. Daktari wa huko huenda akawaambia: tumlaze kwa sindano, apumzike. Vitabu vyetu vinakataza kumchinja mnyama asiyeliwa kwa ajili ya kumpumzisha, na mfano wanaoutoa ni punda aliyechakaa. Watu wa Lamu, waliofunguliwa hospitali ya punda mwaka 1987, wanalijua suala hili kwa macho yao. Lakini panya si punda. Yeye kuuawa kwake kumeruhusiwa tangu asili. Tazama basi jinsi jambo lilivyogeuka: ile ruhusa aliyoishika baba kama fimbo yaweza kuwa ndiyo mlango wa rehema kwake, naye punda mwenye heshima akabaki na maumivu yake. Mimi naona sindano hiyo, ikiwa haraka na bila ya mateso, inajuzu kwa panya. Akitokea mwanachuoni mwenye dalili iliyo nzito zaidi, nitamsikiliza.

Ila kabla ya sindano pana suala ambalo daktari hawezi kulijibu: ni nani anayepumzishwa? Pumzi nzito ya mgonjwa katika nyumba ya usiku huwachosha walio wazima. Nimekaa na wagonjwa wengi katika umri wangu, nami naijua ile saa ambayo mwenye kuuguza husema "Mungu amrehemu" na moyo wake unataka usingizi tu. Kuchoka si dhambi. Kukiita kuchoka kwako huruma ndiko kunakonitia khofu, maana ulimi ukizoea kwa panya, utakuja kusemaje kwa bibi? Basi mtazameni yeye. Iwapo bado anakuja akiitwa, anakula chakula laini, anajisafisha uso, ana maisha yake, hata kama sauti yake inaudhi. Iwapo ameacha kula, amekataa kuguswa, na ameanza kupumua kwa mdomo, basi panya ameumbwa kupumua kwa pua, na akifungua mdomo kutafuta hewa ujue anakabwa. Hapo mpelekeni kwa daktari siku ile ile, msingoje Jumatatu.

Atakapokufa, binti atalia. Baba asimwambie kuwa ni panya tu. Katika Hadithi sahihi yumo mtoto, ndugu yake Anas bin Malik, aliyekuwa na kindege cha kuchezea kikafa, Mtume (S.A.W.) alimwita kwa jina la kunia, Abu Umair, akamuuliza habari za kindege chake. Mzoga wake ni najisi, ushikwe kwa mfuko. Hapana sala wala sanda. Shimo liwe la kina cha kutosha, maana mbweha wa Uingereza huingia hadi bustanini usiku, na binti akitaka kuchimba mwenyewe, baba ampe jembe.