Haki ya Muuzaji na Haki ya Jirani

Pembezoni mwa Dar es Salaam shamba la mikorosho hugeuka viwanja kwa muda mfupi. Mwenyewe hukata vipande, mashahidi hutia sahihi, fedha huhesabiwa, na kila mtu huenda zake akiwa radhi. Twauliza: je, yuko aliyedhulumiwa hapo?

Wengi watajibu kwamba hayupo. Shamba ni lake, mnunuzi ni mtu mzima, na mji hauna budi kukua. Mwaka 1967 watu wake hawakufika laki tatu. Sensa ya 2022 ilihesabu zaidi ya milioni tano. Walale wapi? Jibu hilo lina nguvu, wala hatupendi kulidharau kama wafanyavyo wale waliokwisha kujenga zao.

Lakini yuko mtu wa tatu ambaye hakuitwa kwenye mauzo. Mto Msimbazi hutoka upande wa vilima vya Pugu na Kisarawe, hupita katikati ya mji, na kuingia baharini penye Daraja la Selander. Mvua ikinyesha penye miti, udongo huinywa polepole. Penye bati na saruji haina pa kuingia. Hukimbilia bondeni pamoja na mchanga na takataka. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40, na baadhi ya wakazi wa bondeni wakahamishiwa Mabwepande. Sote tukawalaumu kwa kujenga mabondeni. Ni kweli, Sheria ya Mazingira ya 2004 yalinda mita 60 kutoka ukingo wa mto. Ila yule wa mlimani, mwenye hati safi, ambaye hakuacha hata mfereji, nani amemwuliza?

Ramani ya ofisini peke yake haitoshi. Mpango mkuu wa mji wa 1979 ulikuwepo, na watu wakajenga walipopata. Wajuao maji yapitapo ni majirani. Sheria ya 2007 yawapa wanakijiji nafasi ya kupanga matumizi ya ardhi yao; basi vijiji vya Kisarawe na Mkuranga vikutane kabla dalali hajafika, vikubaliane: hapa njia, hapa makaburi, hapa hapauzwi.

Shida ni yule ambaye kipande chake ndicho kimeangukia hapo pasipouzwa. Kumwambia avumilie kwa faida ya wote, huku jirani yake wa juu akihesabu fedha, ni dhuluma nyingine. Sisi twaona wauzaji wa juu wamtolee sehemu ya bei. Wakinung'unika, waje mkutanoni waeleze maji yao wataka yapite kwa nani.