Kikapu cha Dawa: Je, Kugawana Kila Kitu ni Upendo?



Wengi mmetuuliza, na wengine mmenung'unika njiani mkitoka ibadani, kwa nini kikapu cha dawa kimeondolewa kwenye meza ya akina mama. Mama mmoja alisema mbele ya watu kwamba kanisa sasa limejifunza roho ya wale waliotufungia milango tulipokuwa tunakimbia. Neno hilo lilituuma. Hatukutaka kulijibu kwa tangazo la mistari miwili, maana ndani yake mna swali kubwa: je, inawezekana kumnyima jirani kitu ulicho nacho, naye ana shida, na bado ukawa unampenda?

Waliofika hapa Uganda karibuni hawakijui kikapu hicho, kwa hiyo tueleze. Familia ikipewa dawa kwenye kituo cha afya, na mtoto akapata nafuu siku ya pili au ya tatu, vidonge vilivyobaki vililetwa kanisani. Mlikuwa na amoksilini, chupa za sirapu zilizobaki nusu, kapsuli za rangi mbili ambazo wengine huzifungua na kumwaga unga wake kwenye kidonda. Mzee mmoja alituletea dawa aliyovuka nayo ziwa ikiwa imefungwa kwenye kitambaa, hata jina lake lilikuwa limefutika. Tulicheka, lakini tuliipokea. Mwenye mgonjwa aliomba, akapewa. Hakuna aliyeuza hata kidonge kimoja. Tulijiona kama wale waumini wa kwanza wa Matendo ya Mitume walioweka mali yao pamoja. Nia ile ilikuwa njema, na hatutaki mtu aidharau leo.

Kisha ikaja habari ya mtoto wa miezi minane. Alianza kwa kikohozi na homa. Mama yake alikuwa shambani kwa watu, akitafuta kibarua, na nyanya yake akaja kwenye kikapu. Tulimpa sirapu iliyobaki. Ilitosha siku mbili. Siku ya tatu tukampa kapsuli, akaigawa kwa jicho, kidogo asubuhi na kidogo jioni. Siku ya tano mtoto alikuwa hanyonyi tena na kifua kinaingia ndani kila akivuta pumzi. Kituo kilimpiga sindano, homa haikushuka, wakamtuma hospitali kubwa. Huko alibadilishiwa dawa, akakaa karibu wiki tatu. Alipona, tunamshukuru Mungu. Lakini sisi tuliompa ile sirapu hatukulala vizuri siku zile.

Hatuwezi kusema kwamba kikapu ndicho kilichofanya bakteria wa mtoto yule wasisikie dawa. Pengine alikuwa nao tayari. Tunachoweza kusema ni kwamba siku nne zilipotea, na kwamba tulimpa mtoto dawa bila kujua ugonjwa wake.

Muuguzi mmoja alikuja kukaa na kamati yetu, akatueleza kwa subira. Dawa hizi za antibiotiki huua bakteria. Haziui virusi, na mafua na vikohozi vingi vya watoto ni virusi. Kuhara kwa maji kwa kawaida hutaka ORS na zinki. Tukimpa mtoto antibiotiki pasipo sababu, hatumponyi, lakini bakteria wengi wanaoishi tumboni mwake bila kumdhuru wanaipata dawa ile. Walio dhaifu wanakufa. Wachache wenye uwezo wa kuistahimili wanabaki, nafasi imekuwa yao, wanazaana. Tena bakteria huweza kupeana uwezo huo, hata wa aina moja kumpa wa aina nyingine. Halafu unapita kwa mikono, kwa maji, kwa choo. Ninyi mnajua nyumba zetu zilivyokaribiana na choo kimoja kinavyotumiwa na watu wangapi.

Hapo ndipo tulipoanza kuona kosa la hesabu yetu. Tulidhani dawa ni kama chumvi au unga. Nikikugawia chumvi, aliyepungukiwa ni mimi, na kupungukiwa huko ndiko utamu wa kutoa. Lakini nikikugawia antibiotiki isiyokufaa, mimi sipungukiwi kitu. Zile zilikuwa masazo. Anayepungukiwa ni mtoto mwingine kabisa, labda hajazaliwa, ambaye siku moja atakuja na bakteria katika damu na dawa ile haitafanya kazi. Hakuulizwa. Tulitoa kwa ukarimu kitu ambacho hakikuwa chetu peke yetu.

Na mtoto huyo si wa mfano tu. Katika miaka ya 2001 na 2002 watafiti walichunguza damu ya watoto waliolazwa Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, Dar es Salaam, na matokeo yakachapishwa mwaka 2007. Waliokutwa na bakteria wa kundi liitwalo Gram-hasi katika damu, karibu 44 katika kila 100 walikufa. Waliokuwa na malaria walikufa 20 katika kila 100. Sisi tunaogopa malaria, na ni haki, lakini tazameni tofauti hiyo. Na mtoto ambaye dawa aliyopewa ilikuwa haiwezi bakteria wake alikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kufa. Kwa dunia nzima, wataalamu walikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 1.27 walikufa kwa sababu ya bakteria sugu, na karibu mmoja katika kila watano alikuwa mtoto wa chini ya miaka mitano.

Sasa, mtu mwenye akili atatupinga, na ndugu mmoja katika kamati alitupinga kwa nguvu. Alisema: watoto wetu wanakufa zaidi kwa kukosa dawa kuliko kwa kuzitumia vibaya. Msiwaambie maskini wabane matumizi ya kitu ambacho hawajawahi kukipata cha kutosha. Na alikuwa na ushahidi. Kuanzia mwaka 2014, huko Niger, Malawi na Tanzania, ulifanyika utafiti ambamo watoto wa mwezi 1 hadi 59 wa vijiji vingi walipewa azithromaisini mara mbili kwa mwaka, wagonjwa na wazima sawasawa. Vijiji vingine vilipewa dawa isiyo na kitu. Matokeo yalitoka mwaka 2018: walikopewa dawa ya kweli, vifo vilipungua kwa asilimia 13.5, na Niger kwa asilimia 18. Hao ni watoto halisi waliobaki hai. Lakini huko Niger usugu nao ukaonekana kuongezeka. Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba jambo hilo lisifanywe kwa watoto wote kila mahali. Lifikiriwe kwa wachanga wa miezi 1 hadi 11 mahali ambapo vifo vya watoto ni vingi sana, na kwa ufuatiliaji wa usugu.

Jambo hili lilitusumbua majuma mawili. Kama ni kosa kutumia dawa leo kwa gharama ya watoto wa kesho, mbona wenye elimu waliwapa hata wasio wagonjwa? Tuliloona ni hili. Wao walihesabu. Walijua wanatoa nini, wanapata nini, na walikaa kuangalia matokeo. Sisi hatukuhesabu lolote. Tulikuwa tunatuliza hofu yetu. Mtoto anapochemka usiku, kumpa kitu, chochote, kunampa mama pumzi. Tulikuwa tunawatibu akina mama kwa kutumia miili ya watoto. Ni neno kali, lakini tunajisemea wenyewe kwanza.

Hata hivyo hatukubali mzigo wote umwangukie mama wa makazi. Katika Mambo ya Walawi Mungu aliwaagiza Waisraeli wasivune pembe za mashamba yao, bali wawaachie maskini na mgeni. Ruthu, ambaye naye alikuwa mgeni nchini, aliishi kwa agizo hilo. Tunaona nguvu ya dawa ni shamba la namna hiyo: pembe zake ni za mtu usiyemjua. Lakini angalieni agizo lilipewa nani. Lilipewa mwenye shamba, si mwokotaji. Kwa miaka mingi wafugaji wa nchi tajiri walichanganya antibiotiki kwenye chakula cha nguruwe na kuku ili wanenepe upesi. Umoja wa Ulaya ulikataza matumizi hayo kabisa tarehe 1 Januari 2006 tu. Na mwenye duka anayeuza kapsuli nne kwa mteja mwenye shilingi za kapsuli nne, huku akijua hazitoshi, huyo naye ana shamba. Mama aliyezinunua alikuwa anaokota.

Basi tulimfikiria yule Msamaria. Alimmimina majeruhi mafuta na divai, jambo ambalo nasi tungefanya. Lakini hakumwacha pale barabarani na chupa ya mafuta mkononi. Alimpandisha mnyama wake, akamfikisha kwenye nyumba ya wageni, akalipa, akaahidi kurudi. Sisi tulikuwa tunaishia kwenye mafuta. Kutoa masazo ni rahisi kuliko kuamka saa nane za usiku.

Kwa hiyo kikapu hakikutupwa. Sasa kina pakiti za ORS, sabuni, na saa ya mkononi ambayo mhudumu wa afya wa kijiji ametufundisha kuitumia: pumzi 50 au zaidi kwa dakika kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, au 40 na zaidi kwa wa mwaka 1 hadi 5, hiyo ni safari ya kituo, si ya kesho. Vijana sita wenye baiskeli wameandika majina yao kwa zamu za usiku. Dawa za zamani tulizipeleka kituoni. Hakuna mtu aliyefurahi siku ile tulipokuwa tunazihesabu.

Yule mama aliyetusema mbele ya watu bado ana chupa moja ya sirapu nyumbani, na ametuambia hataitoa, kwa sababu alipokuwa porini mwanawe wa kwanza alimfia mikononi akiwa hana hata kidonge. Tulikwenda kumtembelea, tukasali naye, tukanywa chai. Chupa ilikuwa juu ya kabati, tuliiona. Hatukuiomba. Mmoja wa wale vijana wa baiskeli anakaa mlango wa pili kutoka kwake, naye amemwonyesha dirisha la kugonga.