Machozi ya Nani?



Tukitaka picha ya soko la watumwa la hapa Mkunazini, lililofungwa mwaka 1873, leo kompyuta hututengenezea mara moja, na machozi juu yake. Lakini yale ni machozi ya nani? Watumwa waliookolewa na manowari ya Kiingereza Daphne walipigwa picha sitahani mwaka 1868. Miili ile iliyokonda ni ya watu aliowaumba Mungu. Amri ya Tisa yatukataza ushahidi wa uongo juu ya jirani, na wafu ni jirani zetu pia. Tena, anayetaka kukana utumwa ataonyesha picha moja ya kubuni, azikatae zote.

Watoto wa Kipaimara tuwaonyeshe picha ya Daphne, kisha tuwapeleke altareni kwetu, pale panaposemwa watumwa walichapwa.