Nani Anastahili Ukungu?

Mwaka wa 1838 Louis Daguerre aliielekeza kamera yake kwenye Boulevard du Temple, mojawapo ya barabara zenye shughuli nyingi jijini Paris. Enzi hizo picha moja ilichukua dakika kadhaa kunaswa. Madirisha, miti na paa za nyumba zilitoka safi kabisa. Barabara yenyewe ikatoka tupu. Farasi hakuna, mikokoteni hakuna, umati hakuna. Anayeonekana vizuri ni mtu mmoja tu pembeni, anapigwa viatu brashi, na amebaki kwa sababu alitulia.

Sasa fikiria Tom Mboya Street saa kumi na moja jioni ikipigwa hivyo. Wachuuzi, makanga, akina mama wa mizigo, wote wangeyeyuka. Ungebaki na majengo na labda mtu wa viatu.

Laiti Daguerre angeweza kupiga kwa nusu sekunde, watu wale wangetokea kama ukungu, na ukungu huo ungekuwa mkweli kuliko ile barabara tupu. Sisi huku tunaita picha nzuri "kali", ni kama lugha yenyewe ishapiga kura. Lakini mkono uliofifia hewani katikati ya densi unakuambia mtu alikuwa hai, alikuwa anasonga, na kamera haikumuwahi. Picha za Robert Capa za tarehe 6 Juni 1944, wanajeshi wakiingia ufuo wa Omaha, zimetikisika vibaya, na kitabu chake cha 1947 akakiita Slightly Out of Focus. Mimi picha iliyotulia ya asubuhi ile ningeishuku.

Shida ni kwamba simu zetu zimevuruga hesabu. Mwaka wa 2023 mtumiaji mmoja wa simu ya Samsung aliharibu makusudi picha ya mwezi mpaka mashimo yake yakapotea, akaiweka kwenye skrini ya kompyuta, akazima taa na kuipiga kutoka mbali. Simu ikamrudishia mwezi wenye mashimo! Kampuni ikaeleza kwamba programu hutambua mwezi na kuongeza undani. Yaani ilichora kisichokuwepo. Na ule ukungu laini nyuma yako kwenye picha ya wasifu? Mara nyingi simu iliuona vizuri tu mtaro na kibanda cha jirani, halafu ikavipaka. Hapo jicho halikushindwa, kuna aliyeamua.

Kama ukungu ni uamuzi, basi swali ni la maadili: nani anastahili kufichwa?

Wakati wa maandamano ya Juni 2024, watu waliombana waziwazi wafiche nyuso kabla ya kuposti. Haikuwa mapambo. Kuna vijana waliokuwa wakitekwa nyara, na uso ulio wazi ungeweza kumfikisha mtu mlangoni kwako usiku. Hata hivyo, mwaka uliofuata BBC Africa Eye ilitoa filamu ya Blood Parliament, ambayo ilichambua maelfu ya picha na video kuwatambua maafisa waliofyatua risasi karibu na Bunge. Kazi hiyo isingewezekana kama kila mpigaji angepaka kila kitu ukungu kwa huruma. Kuna nyuso ambazo ni lazima zionekane.

Msimamo wangu ni huu, na najua utaudhi baadhi ya wapiga picha wanaosema picha ya habari haiguswi. Mwenye bunduki iliyonunuliwa kwa kodi yako hana haki ya ukungu akiwa kazini. Kijana aliyebeba chupa ya maji na bendera anayo, hata kama picha itapoteza nguvu, hata kama ni ile ambayo ingeshinda tuzo. Usiguse picha asili. Ihifadhi mahali salama, kwa sababu siku ya mahakama itahitajika ikiwa na kila kitu chake. Unayoposti iwe nakala.

Na kwenye nakala usiishie usoni. Watu hutambulika kwa begi, kwa tatoo ya mkononi, kwa jinsi walivyosuka nywele. Angalia hata raba walizovaa.