Mgeni ni Nani Bustanini?

Yeyote apandaye bustani kwa ajili ya ndege wa mwituni hukabiliwa mapema na swali la kimaadili: nani akaribishwe? Jibu la kawaida ni kwamba ipandwe mimea ya asili ili ndege wa asili warejee. Jibu hilo lina hekima. Lakini katika Bertrams, mtaa mkongwe wa Johannesburg ulio jirani na uwanja wa Ellis Park, neno "asili" halitamkwi kwa wepesi. Wakazi wake wengi wametoka kwingine: Zimbabwe, Msumbiji, Kongo, na vijiji vya Afrika Kusini yenyewe. Mei 2008, ghasia dhidi ya wageni zilizoanzia Alexandra, katika jiji hilohilo, ziliua watu zaidi ya 60 nchini, na baadhi yao walikuwa Waafrika Kusini. Mkazi wa mtaa kama huo akiambiwa kwamba kilichotoka nje king'olewe, husikia zaidi ya habari za mimea.

Tena asili yenyewe haishikiki kwa urahisi. Kabla ya dhahabu kugunduliwa mwaka 1886, nchi hiyo ya juu ilikuwa mbuga ya nyasi yenye miti michache. Miti ilipandwa na watu, na mjakaranda uliletwa kutoka Amerika Kusini. Kwarara, ambaye kelele zake sasa huamsha jiji alfajiri, alienea huko kwa kufuata miti hiyo na nyasi zinazomwagiliwa. Ni ndege wa Afrika, lakini kwa jiji hilo ni mhamiaji. Kama kipimo ni kutangulia, saa isimamishwe mwaka gani?

Hata hivyo, haifuati kwamba vyote ni sawa. Maina, ndege wa Asia aliyeingia kupitia Durban, hugombania matundu ya miti na ndege wengine. Wasomaji wa pwani wana ushahidi wa karibu zaidi: kunguru wa India aliletwa Zanzibar miaka ya 1890 ili asafishe takataka, na leo huvamia viota na kula makinda hadi Dar es Salaam. Kosa si kuzaliwa India. Hasara hupimwa kwa makinda yanayoliwa, na lawama ni ya binadamu aliyemleta na anayeendelea kumlisha kwa jalala.

Hapo ndipo mfano wa ndege unapokoma kuwafaa watu. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Binadamu aliyefika jana aweza kuulizwa, kujibu, kuahidi na kushiriki kazi. Ndege hapewi jembe, wala hawezi kulaumiwa. Wajibu wote hubaki kwa aliyelishika.

Wajibu huo ni wa vitendo vidogo. Shubiri huchanua majira ya baridi, wakati nchi ni kavu, na chozi hupata mbochi. Nyasi zisizofyekwa mapema huacha mbegu. Bakuli la maji yasiyo na kina na majani makavu yaliyoachwa chini ya kichaka vyatosha katika ua mwembamba. Jambo gumu ni sumu ya panya, kwani bundi amlaye panya aliyekula sumu huweza kufa naye. Lakini katika nyumba iliyogawanywa vyumba vya kupanga, mama mwenye mtoto mchanga hawezi kuambiwa amsubiri bundi. Kumkataza sumu bila kumsaidia kuondoa takataka zinazowaleta panya ni kuwapenda ndege kwa gharama ya jirani.

Kwa hiyo bustani ya ndege haiishii kwenye uzio. Huanza kwenye pipa la taka linalotumiwa na wote, na katika mazungumzo na mpangaji wa chumba cha nyuma, ambaye pengine lugha yake ni nyingine. Mgeni njoo, mwenyeji apone, husema Waswahili. Anayemwekea chozi maji huku akimfungia jirani mlango hajaanza kukaribisha. Amejipambia ua tu.