Hatia ya Nyumba

Mtu akichomwa kisu ndani ya disko usiku wa Jumamosi, zinaweza kuzaliwa kesi mbili, na sisi vijana tunaijua moja tu. Ya kwanza ni ya aliyeshika kisu. Polisi watamsaka, atapandishwa kizimbani, na ikithibitika ni yeye basi atakula mvua zake. Ya pili haina mshitakiwa mwenye mikono wala miguu. Ni kesi ya nyumba. Watakaa watu kwenye meza ndefu, chupa za maji mbele yao, waulizane kama ukumbi ule unastahili kuendelea kufunguliwa, na wanaweza kuufunga hata kabla mwenye kisu hajatiwa mbaroni.

Washkaji wapenda muziki wanasema huo ni uonevu mtupu. Kisu, wanasema, hushikwa na mkono, hakishikwi na ukuta. Mtu akiuawa sokoni mbona soko halifungwi? Hoja hiyo si ya kupuuzwa hata kidogo, lakini naona inaanzia mahali pasipofaa. Wanachukulia kwamba kufunga ukumbi ni adhabu, na kama ni adhabu lazima awepo mkosaji. Je, ni adhabu?

Tuangalie London, kwa sababu kule jambo hili limepangwa katika sheria hatua kwa hatua. Sheria ya Leseni ya mwaka 2003 inawaruhusu polisi, zimamoto, hata jirani aliyechoka kukosa usingizi, kuomba leseni ya ukumbi ipitiwe upya. Wanaosikiliza ni kamati ya madiwani. Wanaweza kuongeza masharti, kumwondoa msimamizi, kukataza baadhi ya shughuli, kusimamisha leseni kwa muda usiozidi miezi 3, au kuifuta kabisa. Ukumbi ukihusishwa na uhalifu mkubwa au vurugu kubwa, afisa wa ngazi ya juu wa polisi anatia saini cheti, na kamati inatakiwa ndani ya saa 48 ifikirie hatua za dharura, kisha isikilize shauri lenyewe ndani ya siku 28. Saa 48 jamani! Mtaani kwetu muda huo haujatosha hata kupata karatasi ya kuandikia maelezo ya kuku aliyeibwa.

Sasa, madiwani hao hawaulizwi nani ana hatia. Sheria imewapa malengo manne tu: kuzuia uhalifu na fujo, usalama wa umma, kuzuia kero, na kuwakinga watoto na madhara. Yote manne yanatazama kesho. Na mimi naona ni sawa, kwa sababu leseni si mali kama kitanda au redio. Leseni ni amana. Mwenye ukumbi ameambiwa: tunakupa ruhusa ya kukusanya watu 500 gizani, umewauzia pombe, umewafungulia muziki mpaka hawasikilizani, basi wewe ndiye unayejua mlango wa dharura uko wapi na wao hawajui. Ukimkabidhi mtu mtoto wako, akarudi na jeraha, utauliza maswali hata kama aliyemuumiza ni mtu mwingine kabisa. Na huko sokoni, muuza nyanya hakumfungia mtu mlango wala hakumlewesha.

Tarehe 15 Desemba 2022 palitokea msongamano mbaya nje ya ukumbi wa O2 Academy Brixton, kusini mwa London, usiku ambao mwanamuziki wa Nigeria, Asake, alikuwa akitumbuiza. Watu wengi walifika bila tiketi, wakasukuma milango. Wawili walikufa. Mmoja alikuwa mshabiki, mama mwenye watoto. Mwingine alikuwa mlinzi wa ukumbi, kijana wa miaka 23, aliyekuwa kazini. Napenda tusimame kwenye huyu wa pili, kwa sababu katika mabishano yetu ya vijiweni baunsa huwa ni adui tu, lile pandikizi la mtu linalokukazia macho mlangoni. Hapa mlinzi ndiye aliyekufa.

Nani alimuua? Ukitafuta mkono mmoja huupati. Waliosukuma walikuwa wengi, na wa nyuma hakuona wa mbele anavyobanwa. Januari 2023 BBC ilirusha habari ambamo mtu aliyefanya kazi ya ulinzi pale alidai baadhi ya wenzake walikuwa wakichukua hongo ili kuingiza wasio na tiketi. Tuseme ni kweli: je, aliyepokea noti mwaka uliopita ndiye muuaji? Mahakama ya jinai ingehangaika na swali hilo miaka na miaka. Kamati ya leseni haihitaji kulijibu. Inaweza kuuliza milango hii ina nguvu kiasi gani, foleni inapita wapi, nani anatoa amri watu wakizidi. Polisi waliomba leseni ifutwe. Septemba 2023 halmashauri ya Lambeth ikakataa kuifuta, ikaweka masharti 77, na ukumbi ukafunguliwa tena Aprili 2024. Masharti 77 hayana mvuto wa kuandikiwa riwaya, ila mimi naamini yangewekwa mapema yule kijana pengine angerudi nyumbani.

Hapo nawaacha washkaji na kisu chao. Lakini wanayo malalamiko mengine ambayo hawayasemi vizuri, na hayo ndiyo yenye moto.

La kwanza ni hili. Meneja mwaminifu akiona ugomvi anapiga simu polisi. Simu huandikwa. Siku ya kikao orodha ya simu zile inaweza kutandazwa mezani: tazameni, pale kila mara kuna fujo. Wenye kumbi Uingereza wamelilalamikia jambo hili mara nyingi. Meneja mjanja, asiyepiga simu, anaonekana ana ukumbi wa amani kama msikiti. Matokeo yake unayajua hata kama hujafika Ulaya. Kuna jirani yetu mmoja aliwahi kuwa baunsa, akaniambia waliyofundishwa siku ya kwanza: wakishikana mashati, toa wote wawili nje, funga mlango, rudi kazini. Wakiuana barabarani hiyo ni barabara ya serikali. Sheria inayompima mtu kwa idadi ya simu alizopiga inamfundisha kutupa damu nje ya kizingiti. Halafu tunashangaa maiti huokotwa mtaroni mita 20 kutoka ukumbini, na ukumbi hauna doa.

La pili linachoma zaidi. Mwaka 2005, baada ya matukio ya risasi kwenye kumbi, polisi wa London walianzisha fomu namba 696. Mwandaaji wa onyesho aliijaza kabla ya siku yenyewe: majina ya wasanii, anwani zao, simu zao. Matoleo ya mwanzo yaliuliza pia aina ya muziki na asili ya watu wanaotarajiwa kuja. Kelele zilipopigwa swali la asili likatolewa, lakini wasanii weusi, hasa wa muziki wa grime, waliendelea kusema maonyesho yao yanafutwa kwa sababu ya fomu hiyo. Ilifutwa Novemba 2017. Yaani kwa miaka 12 amana niliyoisifu hapo juu iligeuzwa chujio, na kilichochujwa si visu, ni ngoma za watu fulani. Sisi tusijifanye wageni wa tabia hiyo. Wale walioanza kurap kwa Kiswahili walipachikwa uhuni kabla mtu hajasikiliza beti la pili.

Wengine wakaona basi tusibague, tuwabane wote. Sydney, Australia, walifanya hivyo Februari 2014, baada ya vijana wawili kufa kwa kupigwa ngumi katika eneo la Kings Cross, mmoja akipigwa mwaka 2012 na mwingine akipigwa usiku wa kuamkia 2014. Kumbi zote za katikati ya jiji, isipokuwa chache, zikaamriwa zisiingize mtu baada ya saa 7:30 usiku, na pombe ikome saa 9. Cha ajabu, vijana wale wawili walipigwa barabarani, na wote ilikuwa haijapita sana saa 4 usiku. Amri ile isingemwokoa hata mmoja. Lakini kuna upande mwingine: watafiti wa serikali ya jimbo walikuta mashambulizi yamepungua kwa asilimia 32 hapo Kings Cross. Kuna watu leo wana meno yao yote kwa sababu ya amri iliyotungwa kwa sababu isiyoendana nayo. Nalo eneo likafa usiku, kumbi zikafungwa, wapiga muziki wakahama. Vikwazo viliondolewa sehemu kubwa ya jiji Januari 2020, na Kings Cross Machi 2021.

Kwa hiyo ukiniuliza, nitasema nyumba ipitiwe, moja moja, kwa jina lake na milango yake, na meneja aliyepiga simu ahesabiwe sifa.

Bado kuna kitu kinaninyima raha. Tukikubali kuwa leseni ni amana na kuisimamisha si adhabu, basi ile miezi 3 isimwadhibu asiyehusika. Sasa chukua dada anayeosha glasi. Hakuuza tiketi, hakupanga walinzi, hakupokea noti ya mtu. Ukumbi ukifungwa Jumatatu, Jumamosi hana mshahara, na mwenye nyumba anataka kodi yake palepale. Mwenye ukumbi ana wakili, ana haki ya kukata rufaa ndani ya siku 21, pengine ana ukumbi mwingine mtaa wa pili. Katika orodha yote ile ya mamlaka ya kamati, sharti, kuondoa, kusimamisha, kufuta, hakuna mahali panapomwambia tajiri: ukumbi umefungwa, lakini utaendelea kuwalipa hawa mpaka ufunguliwe.